Zuhura Ilipotoka kwenye Jua

Jumanne ya mwisho ya Februari 2012 nilimpoteza kaka yangu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Bagara, mjini Babati. Alianguka mchana karakanani kwake, mashine ikiwa bado inanguruma, na jioni hospitali wakatuambia ilikuwa presha, wamefanya walichoweza. Nilimpoteza yeye, na pamoja naye kilitaka kupotea kitu kingine, ambacho ndicho kimenifanya nikae chini niandike. Kaka alikuwa na miadi ya asubuhi ya tarehe sita Juni mwaka ule. Alikuwa ameisubiri miaka minane. Alibakiza miezi mitatu na kidogo.

Miadi ilikuwa na Zuhura, ile sayari ambayo wengi tunaiita nyota ya alfajiri.

Nieleze taratibu, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa, na shule yangu iliishia darasa la saba. Zuhura inalizunguka jua kama dunia inavyolizunguka, ila yenyewe iko karibu zaidi na jua. Ikipita upande wetu, kwa kawaida inapita juu kidogo au chini kidogo ya jua, na mwanga unaificha. Mara chache sana inapita katikati kabisa, kati yetu na jua, na hapo inaonekana kama doa jeusi la mviringo linalotembea polepole juu ya jua. Ikitokea hivyo, hutokea tena baada ya miaka minane, kisha inapita zaidi ya miaka mia, watu wanazaliwa, wanazeeka na kufa bila kuiona. Sisi tulipewa Juni 2004 na Juni 2012. Mtu mzima wa leo hana mara ya tatu.

Mwaka 2004 mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Ofisi zilikuwa zinajengwa, wageni wanahamia, na kila nyumba mpya ilitaka geti na grili za madirisha. Kaka alikuwa na kazi mpaka anachagua. Darubini aliipata kwa dereva wa magari ya watalii aliyemtengenezea keria. Ilikuwa darubini ya macho mawili, jicho moja limepasuka, na dereva hakuitaka tena. Kaka aliichomelea stendi ya chuma, na kwa lile jicho zima akanionyesha miezi ya Mshtarii. Vilikuwa vidoti vinne vimejipanga mstari mmoja pembeni ya sayari yao. Kesho yake viwili vilikuwa vimehama upande. Nilimuuliza nani kavisogeza. Alifurahi sana kwa swali lile, akalirudia kwa wateja wiki nzima kana kwamba nilikuwa nimesema jambo la maana.

Aliyemwambia habari za Zuhura alikuwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, mama mmoja aliyekuja kuagiza mlango akaiona darubini.

"Usiangalie jua kwa jicho, hata mara moja," mwalimu alimwambia. "Utapofuka. Elekeza darubini kwenye jua, halafu weka kitambaa cheupe nyuma yake. Jua litajichora lenyewe."

"Mwalimu, mimi nachomelea kutwa nzima. Habari za macho niachie mimi."

"Ndiyo maana naona unafuta machozi."

Kitambaa nilitoa mimi, kwa kuwa ni fundi cherehani na sikosi vipande. Asubuhi ile ya 2004 jua lilikuwa limeshapanda tulipoanza. Lilijichora kwenye kitambaa, duara safi la ukubwa wa kisahani cha chai, na tukaona ukingo wake unaumwa na kitu cheusi. Doa liliingia polepole. Lilipokuwa limeingia lote halikuachia. Lilibaki limeshikwa na ukingo kwa uzi mweusi mwembamba, kama tone la mafuta linalosita kudondoka, kisha uzi ukakatika na doa likawa peke yake ndani ya jua.

Mwalimu alipiga makofi kama mtoto. Alituambia tone lile liliwasumbua sana wataalamu wa zamani. Walikuwa wanasafiri mbali mno, kila kundi kona yake ya dunia, ili wapime saa Zuhura inapoingia na saa inapotoka. Wakilinganisha saa za mahali mbalimbali, wanaweza kukokotoa umbali wa jua. Lakini kwa sababu ya tone, watu wawili waliosimama bega kwa bega walitaja saa tofauti. Mmoja anasema imeachia, mwingine anasema bado.

"Yaani wamesafiri kote huko," kaka alisema, "halafu wanabishana?"

"Walibishana."

"Basi ni watu kama sisi."

Wateja walipita, wengine wakacheka. "Fundi, futa kioo chako, kina uchafu!" Kaka alizungusha darubini taratibu kwenye stendi yake, na doa likabaki palepale juu ya jua. Uchafu wa kioo ungezunguka pamoja na kioo. Watu wakasogea karibu.

Mchana wanaume wa mtaa wakaja kumwita. Jirani alikuwa amefariki tangu juzi yake na kaburi lilikuwa linachimbwa. Hapa kwetu mwanaume hasubiri kuitwa mara ya pili kwenye kaburi la jirani, na mwanamke naye ana zamu yake jikoni. Mwalimu alikuwa amesharudi shuleni. Kaka aliifunika darubini kwa gunia, tukaenda, yeye na sururu, mimi na sufuria. Tuliporudi jua lilikuwa limeelekea magharibi, jeupe tupu, halina kitu.

"Kuingia nimeona," alisema. "Kutoka nitaona 2012."

Hakulalamika, si siku ile wala baadaye. Lakini alibaki na swali lake, na alikuwa halitoi mdomoni. Je, lile tone linakuwepo pia Zuhura ikitoka? Mwalimu alimwambia litakuwepo. Kaka hakukubali moja kwa moja. Alisema yeye anafanya kazi na chuma cha moto, na tone la chuma likishika halifanani na tone likiachia. Mwalimu alihamishwa mkoa mwingine, na bado kila walipopigiana simu walikuwa wanabishana hilo hilo.

Kujiandaa kwake kulikuwa kumoja tu. Aliisimika stendi kwa zege uani kwake, ili upepo usiitikise siku hiyo. Ilikaa pale miaka, kuku wakiipanda.

Baada ya mazishi karakana ilifungwa, funguo akashika mjane, yaani wifi yangu. Ukoo wetu asili yake ni Mbulu, na taratibu yetu ni kwamba vitu vya marehemu havitoki mpaka ukoo ukae. Kikao kilipangwa Julai, baada ya mavuno, wakubwa wakipata nafasi ya kuja. Mpaka hapo hata nyundo haiondoki. Sina ugomvi na taratibu hiyo. Nimeona familia zilizovunjika kwa kugombea vitu wiki ya kwanza ya msiba.

Mwishoni mwa Mei nilianza kwenda kwa wifi kila asubuhi kumsaidia kufagia kabla ya kwenda kwenye cherehani yangu. Nilikuwa nimekata shauri kwamba nitaiona Zuhura ikitoka, kwenye stendi ya kaka, kwa darubini ya kaka, na nitalijibu swali lake. Nilidhani kilichobaki ni kuamka mapema tu.

Lakini nikifagia, niliona jambo. Mlima Kwaraa uko juu yetu pale, na jua la Juni linatokea nyuma ya bega lake. Mbingu inakuwa nyeupe, kule kata ya Singe unaona mabati yanang'aa, na sisi bado tuko kwenye kivuli na baridi yetu. Jua lilipoigusa ile stendi, redio ya jirani ilikuwa inasoma taarifa ya habari ya saa mbili. Nilirudia kuangalia asubuhi kadhaa. Ilikuwa hivyo hivyo, na siku mlima ukivaa wingu ilikuwa zaidi. Mwalimu alikuwa amenithibitishia kwa simu kwamba kabla ya saa mbili Zuhura itakuwa imeshatoka.

Niseme ukweli, kaka alikosea. Mwaka 2004 doa liliingia jua likiwa limeshauvuka mlima, akasimika stendi kana kwamba jua ni lile lile. Safari hii jua lingechomoza doa likiwa tayari ndani yake, na doa lingetoka mapema, mlima ukiwa umetuziba.

Wifi alikuwa anapepeta maharage mlangoni.

"Wifi, jua linachelewa hapa."

"Linachelewa wapi?"

"Hapa uani. Mlima unalishika."

"Kwaraa imeanza leo kushika jua? Tumeanika nguo hapa miaka mingapi?"

"Sasa kwa nini kaka hakujua?"

Aliuweka ungo chini. "Kaka yako? Kaka yako lini alikuwa nje saa hizo? Alikuwa anafungua karakana saa tatu, na hiyo siku akiwahi. Asubuhi ya mtu yule ilianzia kwenye chai ya pili."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Februari. Kisha akaikazia macho stendi, akaacha.

"Sikiliza, wifi. Hiyo stendi haing'oki. Ukigusa zege lile kwa sururu, shemeji zangu watasikia mlio mpaka Mbulu. Watasema tumeanza kugawana."

"Stendi iache. Nataka darubini tu, asubuhi moja, niende nayo upande wa Singe. Kule mlima unakaa pembeni."

"Darubini nayo ni ya marehemu."

"Najua."

"Haitoki."

"Wifi, Julai watakaa, wataigawa, atapewa mtu. Sawa. Lakini Zuhura haiji Julai. Haiji tena."

Aliuchukua ungo akapepeta. Nilimaliza kufagia, nikamwagia kuku maji. Nilipochukua kanga yangu niondoke ndipo aliposema, bila kuinua kichwa:

"Walichosema ni kwamba vitu visitoke mikononi mwangu."

"Ndiyo."

"Basi haitatoka. Nitaibeba mimi. Nitaishika mimi mpaka mwisho. Atakayeuliza Julai, nitamwambia haikuniacha."

Ilibaki pa kuisimamisha. Nilijua mahali. Kuna mzee mwenye duka la vitambaa na nyuzi mjini, mteja wangu na mimi mteja wake, na nyumba yake iko Singe, mwisho wa nyumba, geti lake linatazama mashamba na mawio. Geti lile alilitengeneza kaka. Nilimfuata dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Poleni tena. Leo uzi wa rangi gani?"

"Leo nataka geti lako."

"Geti! Na ukuta nimwachie nani?"

Nikamweleza. Alisikiliza kalamu ikiwa sikioni. Alisema geti lile tangu liwekwe halijawahi kulia, na kwamba jirani yake ana geti linaloamsha mtaa mzima. "Njooni Jumatano," alisema. "Ila mimi natoka na gari kuja kufungua duka. Nikitoka, geti lazima lifunguke. Hapo sina ujanja."

Jumatano tulipanda bajaji kukiwa bado kuna giza la alfajiri. Upepo wa Juni ulikuwa unakata. Wifi alikuwa ameiviringisha darubini kwenye kitenge akaifunga mgongoni. Kijana wa bajaji alimtazama kwenye kioo chake.

"Mama, mtoto hasikii baridi?"

"Huyu halii," wifi alisema. "Endesha."

Tuliifunga darubini kwenye nondo ya kati ya geti kwa vipande vya mpira wa tairi, tukailegeza kidogo ili iweze kuinuliwa. Nyuma yake niliweka boksi la biskuti nililolivalisha kitambaa cheupe na kukikaza kwa pini. Kuinua na kuelekeza ilikuwa kazi ya wifi, maana mkono wake haukutoka kwenye darubini hata mara moja. Kutazama ilikuwa kazi yangu.

Jua lilichomoza nyuma ya mabua makavu ya mahindi, jekundu, limebonyea kama andazi. Upande wa kushoto Kwaraa ilikuwa imefunikwa mpaka kiunoni. Nilifikiria uani kwa kaka, kuku wakiwa bado kwenye kivuli. Wifi alizungusha, akainua, akakosa, akainua tena, na ghafla duara la mwanga likaruka juu ya boksi.

Doa lilikuwepo. Lilikuwa limeshakaribia ukingo.

Wifi hakuwa ameliona la 2004. Mwaka ule alikuwa kwao, amekwenda kujifungua. Aliinama akatazama, mkono ukiwa pale pale.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Dogo hivyo?"

"Dogo hivyo."

"Punje ya ulezi," alisema. "Mtu ameniimbia miaka minane punje ya ulezi."

Lakini hakuondoa macho.

Mzee alitoka na kanzu yake na kofia, ufunguo wa gari mkononi. Aliinama kwenye boksi, mikono nyuma.

"Hicho si kioo kichafu?"

Nilimwambia wifi aizungushe darubini kwenye mipira yake, taratibu. Doa halikuhama. Mzee alisema Subhanallah kwa sauti ya chini, akazunguka upande wa pili ili aone vizuri.

Kisha wingu likaja. Lilitoka upande wa mlima, refu, jembamba, na duara likafifia, likawa kama madoa ya maziwa kwenye kitambaa, likafutika. Tulisimama. Sikuomba kwa sauti, ila niliomba. Niliyafikiria yale maneno ya kaka, kutoka nitaona 2012, na nilijua kwamba wingu likikaa pale hata muda wa kunywa kikombe cha chai, basi ndiyo imekwisha kwetu sote, kwake na kwangu, na hakuna mwaka mwingine wa kutaja. Mzee aliangalia saa yake, akaificha kwenye mkono wa kanzu.

"Duka lina kufuli," alisema. "Halitakwenda mahali."

Duara lilirudi upande mmoja kwanza, kisha lote. Wifi alikuwa ameendelea kuinua darubini kwa kukisia, na alikuwa amekisia vizuri, kwani jua liliangukia katikati ya boksi. Doa lilikuwa linakaribia kugusa.

Hapo niliona. Kati ya doa na ukingo kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga, na kabla doa halijafika, kitu cheusi kilijivuta kikaziba mwanga ule, uzi mfupi, kama tone linalofikia sakafu. Nililiona kwa macho yangu. Upepo ulikuwa unalitikisa geti kidogo, na siwezi kusema uzi ulidumu kiasi gani, wala sitajifanya kujua. Lakini tone lilikuwepo. Mwalimu alikuwa sahihi, na kaka angebisha, kisha angekubali, kisha angeagiza chai.

"Tone lipo," nilisema.

"Nimeliona," wifi alisema.

Baada ya hapo doa lilianza kupungua. Ukingo wa jua ulikuwa umemegwa, na pale palipomegwa palizidi kuwa padogo. Tuliinama wote watatu, vichwa karibu karibu, mpaka mzee akalazimika kuvua kofia. Lile pengo likawa kama alama ya ukucha, kisha kama ncha ya sindano yangu, kisha nikaona duara zima.

"Imetoka," nilisema.

"Bado."

"Imetoka, wifi. Duara limekamilika."

"Bado. Angalia hapa." Alinyoosha kidole cha mkono mwingine bila kugusa kitambaa. "Hapa pana kikovu."

Niliangalia. Sikuona kikovu chochote.

"Macho yako yameisha kwenye cherehani," alisema.

"Na yako yameisha kwenye moshi. Mzee, wewe unaonaje?"

"Msiniingize," mzee alisema. "Mimi nina wake wawili. Nimezoea kunyamaza."

Wifi hakucheka. Alikuwa anakitazama kile alichokuwa anakiona, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekakamaa kwa baridi ya chuma.

"Bado," alisema tena. Kisha, polepole: "Sasa."

Tulikaa vile vile kidogo, jua likiwa jeupe tupu juu ya boksi la biskuti.

Mzee alivaa kofia yake. "Naweza kufungua?" aliuliza, na aliuliza kwa heshima, kana kwamba geti lilikuwa letu.

Wifi alifungua mipira mmoja mmoja, akaiviringisha darubini kwenye kitenge, akainama akaifunga mgongoni. Mimi nilichukua boksi. Mzee aliingia kwenye gari lake akaliwasha. Nilishika ubawa mmoja wa geti, wifi akashika mwingine, tukavuta kila mtu upande wake, na geti likafunguka lote bila kulia.